Taa ya Nyumba ya Saba

Jumamosi, 2 Agosti

Ninatangaza rasmi, mbele ya daftari hili, nikiwa na akili timamu na soksi mbili mbili kwa ajili ya baridi: kuanzia leo runinga namba mbili ya banda langu la gemu hapa Kimandolu haitaonyesha tena mpira. Uamuzi ni wa kudumu. Hauna rufaa.

Runinga namba moja imekufa tangu Pasaka. Kwa hiyo tangazo linahusu banda zima.

Sababu ninazo. Mji mzima unacheza gemu moja tu, ya mpira. Mwaka huu wanacheza ya mwaka huu, mwakani watacheza ya mwakani, na tofauti ni jezi. Wakati huohuo ziko gemu ndogo, zimetengenezwa na watu wawili watatu ndani ya chumba kimoja, ambazo ukikutana nazo unavua kofia. Hakuna anayezijua. Mimi nazijua. Ninazo tatu.

Ya kwanza ni Mfereji. Jina lake halisi ni la kigeni na refu, hili nimelibuni mimi. Kuna mlima, chemchemi moja, nyumba kumi na moja, na mfereji unaoteremka kupita kwenye nyumba zote. Unafungua vibao vya kuzuia maji, unafunga vibao. Basi. Hakuna adui, hakuna bunduki, hakuna pointi. Maji yakipita juu ya jiwe yana mlio wake. Yakiingia kwenye udongo mlio unabadilika. Aliyeusikia mlio ule na kuuweka mle ndani, masikio yake yabarikiwe. Jioni ikifika, jioni ya ndani ya gemu, kila nyumba iliyopata maji inawasha taa dirishani.

Wameitengeneza dada wawili. Kwenye ukurasa wa shukrani wanamshukuru mama yao kwa kuwaachia sebule. Mtandaoni ina maoni thelathini na moja ya wachezaji. Manne ni yangu, kwa majina tofauti.

Gemu inakuruhusu kuzipa nyumba majina. Nimezipa ya watu ninaowafahamu. Ya nne ni yangu: ELIUD. Ya saba, chini kidogo, nimempa mwenye nyumba wangu, MAMA TABITHA. Kwa heshima.

Heshima hiyo haijamgusa. Mama Tabitha anauza chai na chapati barazani, mbele ya banda langu na la jirani yangu Lesian, mwenye gemu ya mpira. Wateja wa Lesian wanapiga kelele za mpira, makoo yanakauka, wanakunywa chai. Wateja wangu leo walikuwa wawili, na mmoja alikuwa anasubiri manyunyu yaishe. Jioni mama kaniita. Kasema, mwanangu Eliud, mimi nakupenda, lakini mapenzi hayanywi chai. Kanipa mpaka Nane Nane. Mabenchi yajae siku hiyo, la sivyo Lesian atavunja ukuta wa mbao na kuchukua chumba changu.

Nane Nane ni Ijumaa. Siku sita. Dunia iliumbwa kwa muda huohuo.


Jumapili, 3 Agosti

Mpango wa kwanza. Binadamu anapenda alichokatazwa. Nimeandika bango kwa rangi nyekundu: HAIRUHUSIWI KWA WALIO CHINI YA MIAKA THELATHINI. INGIA KWA HIARI YAKO. Nikaweka gemu ya pili, Fundi Saa.

Fundi Saa ni hivi. Wewe ni fundi. Watu wanakuletea saa za mkononi zilizosimama. Hawasemi ni za nani. Unafungua, unasafisha, unarudisha magurudumu madogo mahali pake, unajaza ufunguo. Saa ikianza kwenda unasikia sauti za chumba ambamo ilisimama: birika linachemka, mtu anakohoa, mlango. Nusu dakika. Halafu mwenye saa anaichukua anaondoka. Huambiwi kitu. Usiku huo hulali vizuri, na unamshukuru aliyekunyima usingizi.

Ibada ya pili ilipotoka, vijana kama ishirini wakajazana mbele ya bango. Nikakaa kimya kama mtu mwenye siri. Aliyetangulia kuingia alikuwa Mama Anande, mzee wa kanisa, na kitabu cha nyimbo kwapani. Nikamwamkia. Kaitikia marahaba ya mbali. Kataka aonyeshwe hicho wanachokatazwa watoto wa watu.

Kakaa. Kashika rimoti ya gemu kama anayeshika samaki mbichi. Katengeneza saa ya kwanza. Katengeneza ya pili. Kwenye ya tatu ilisikika sauti ya mtu anafagia uwanja asubuhi, akaacha, akaanza tena. Mama Anande akavua miwani akaifuta. Kauliza kama ipo ya nne.

Baada ya saa nzima katoka barazani, akasimama mbele ya vijana wote, na kutangaza kwa sauti ya matangazo ya kanisani kwamba amekagua mwenyewe, hakuna ubaya wowote humu ndani, ni gemu safi sana, hata wanafunzi wa kipaimara wanaweza kuicheza na wazazi wao.

Vijana wakatawanyika ndani ya nusu dakika. Theresia, anayekaanga chapati za Mama Tabitha, kasema hajawahi kuona mtu akiuawa na ushuhuda mzuri.


Jumatatu, 4 Agosti

Lesian ameongeza spika. Ukuta kati yetu ni mbao na matumaini. Kila maji yangu yanapofika pale kwenye mlio wa jiwe, upande wa pili wanafunga goli. Nikaenda kumwomba apunguze. Kasema, kaka, goli halinong'onezwi.

Mpango wa pili. Lesian ana kibao chenye mshale barabarani: GEMU HUKU. Kwa hekima kubwa nikakigeuza kidogo. Kidogo tu. Kabla ya saa tano vijana kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yangu wakitazama maji. Dakika kumi. Nikaanza kuamini. Mmoja akamwinamia mwenzake akasema hizi timu leo zimechelewa kuingia uwanjani.

Wakatoka kwa mstari.

Lesian kaja mwenyewe kuurudisha mshale. Hakukasirika, jambo lililoniudhi zaidi. Kaniambia ningemwomba tu wateja wawili watatu angenipa. Halafu akasimama nyuma yangu akitazama Mfereji kwa muda mrefu kuliko anavyostahili mpinzani. Kauliza mbona ile nyumba ya saba haina taa. Nikamwambia ni sanaa. Giza linapendezesha picha. Miezi minane iko hivyo, na kila nikiitazama naona waliotengeneza walikuwa na jicho.

Theresia kachungulia na mwiko wake. Kasema hata taa ya choo chetu ni sanaa basi.


Jumatano, 6 Agosti

Jana sikuandika. Hakukuja mtu. Hata wa manyunyu.

Leo kaja mjomba Sumari. Mjomba ni mwenyekiti wa mfereji wetu kule nyumbani, juu ya kijiji cha Maji ya Chai, mfereji wa kweli wenye tope. Yeye na kamati yake wameteremka na mikungu ya ndizi na kahawa kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane, wamefikia kwa ndugu hapa jirani. Kaja na koti lake na gambuti. Shikamoo mjomba. Marahaba. Kakaa benchi la nyuma, kaegesha fimbo, kasubiri chai. Mimi nikaendelea na Mfereji kwa kuwa ndani ya gemu kulikuwa kunakucha.

Chai ikafika. Kisha kwa sauti ya chini mjomba akauliza: huyu wa chini, maji yake yako wapi?

Nikamweleza kwamba ni gemu. Kasema haoni tofauti, ameuliza maji yako wapi. Akasogea benchi la mbele. Rimoti hakuitaka, mikono ilikuwa yangu, kichwa kilikuwa chake, kama anavyowasimamia vijana siku ya kusafisha mfereji. Fungua ule. Nusu. Nimesema nusu, mjomba. Acha ujae kwanza. Sasa ziba. Unamwahi wa mwisho kabla ya wa kwanza, kwa sababu wa kwanza ana umande na jeuri, wa mwisho hana kitu.

Kwa nusu saa tulivuka mahali nilipokwama tangu Desemba.

Halafu kaniambia niache rimoti, nisiguse, tutazame usiku wa mle ndani bila kufanya lolote. Nikamwambia usiku huwa naurusha, kuna kitufe. Kanitazama kama anayemtazama mtu aliyelala zamu yake ya maji ikipita. Tukatazama. Giza, vyura, nyota. Na katikati ya usiku kibao cha nyumba ya nne kikafunguka chenyewe. Taratibu. Maji yote yakaingia huko mpaka alfajiri.

Miezi minane! Kila asubuhi nilikikuta kile kibao kimelegea, nikadhani ni hitilafu ya gemu. Nilishawaandikia wale dada barua pepe ya upole kuwaambia wana kosa. Kumbe wameweka mwizi ndani ya mlima wao, hawakumwambia mtu, wakakaa kimya wakisubiri mchezaji mmoja mwenye subira ya kukesha. Sijawahi kuona watu wenye akili namna hii. Nilitaka kusimama.

Mjomba alikuwa ameshasimama. Kavaa kofia. Kasema jambo hili ni la kamati. Kesho atakuja nao.

Wazee sita! Mabenchi! Nimemwambia Theresia akande unga wa kutosha. Kauliza wazee wanakuja kufanya nini hasa. Nimemjibu wanakuja kucheza gemu. Kasema sawa.


Alhamisi, 7 Agosti

Walikuja wote, makoti na fimbo, wakajaza mabenchi mawili ya mbele. Mama Tabitha aliuza birika mbili kabla sijawasha mashine. Vijana wa Lesian wakaacha mechi wakaja kusimama mlangoni waone wazee wanacheza nini. Niliona ushindi kwa macho yangu, ulikuwa na harufu ya tangawizi.

Kikao kilifunguliwa kwa sala. Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Mzee Sadoki, katibu wa kamati, akafungua kaunta buku, akaandika tarehe na waliohudhuria. Mjomba akaeleza alichokiona. Wakaomba waone usiku. Nikawaonyesha. Kibao cha nyumba ya nne kikafunguka, na wazee sita wakatoa pumzi kwa pamoja kama watu wanaomfahamu yule mtu. Mmoja kasema hivihivi ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wa ukame. Mwingine kasifu gemu: hata vyura wamenyamaza anapopita mwizi, umeona? Sikuwa nimeona. Miezi minane.

Mzee Sadoki akarekebisha miwani akauliza ile ya nne ni ya nani. Imeandikwa, kasema. Akasoma mwenyewe, herufi moja moja. E. L. I. U. D.

Akauliza ni nani anayeibiwa. Akasoma ya saba.

Mama Tabitha alikuwa mlangoni na birika. Akaja mpaka mbele ya runinga, akalitazama lile dirisha jeusi lenye jina lake. Kauliza muda gani. Wazee wakanigeukia, ikabidi nijibu mimi. Kasema polepole: miezi minane nakaa gizani, Eliud, na asubuhi unaniamkia?

Nikajitetea. Nikasema ni gemu, wazee wangu, yale majina nimeweka kwa mapenzi tu, anayefungua kibao ni kompyuta. Mzee Sadoki kauliza swali moja: jina ni langu au si langu? Ni langu. Basi. Kwenye mfereji hatuulizi mkono, kasema, tunauliza shamba lililolowa. Faini ya mwizi wa maji ni mbuzi dume mmoja asiye na kasoro. Ikaandikwa. Nikatia sahihi, kwa kuwa wazee sita wakikunyooshea kalamu unatia sahihi.

Hukumu kesho itasomwa na maji yatarudishwa. Wote watakuja. Vijana wameapa kuja. Lesian kasema hataki kukosa.

Kwa hiyo kesho mabenchi yatajaa. Tatizo ni jina tu.

Gemu inaruhusu kubadilisha majina. Nina wazo.


Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Niliamka kabla ya jua, nikawasha mashine, nikabadilisha jina la nyumba ya nne. Dakika moja. Nikanywa chai kwa amani.

Wazee walipotoka kwenye maonyesho wakaja moja kwa moja, na ndugu zao. Mabenchi yakajaa. Sakafu ikajaa. Dirishani kulikuwa na vichwa kama maboga yamepangwa. Lesian kazima spika zake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumpigia. Mama Anande alikuja na kiti chake. Chai iliisha, ikapikwa nyingine, nayo ikaisha. Mama Tabitha hakunitazama, lakini nilimwona anahesabu vichwa.

Mzee Sadoki kasimama, kafungua kaunta buku, kaanza kusoma: nyumba ya nne, mali ya. Kainua macho kwenye runinga. Runinga ilisema LESIAN.

Watu wote wakageuka kumtazama Lesian. Mimi nikatazama dari, kama mtu anayeshangaa pamoja na wenzake.

Lesian ndiye aliyeanza kucheka. Kasema, wazee wangu, shikamooni, mimi mfereji sina. Kwetu ni ng'ombe. Sisi tunayafuata maji, hayatufuati.

Mzee Sadoki hakucheka. Alinigeuzia kaunta buku nione sahihi yangu. Kasema mwizi wa maji ni mtu wa kawaida, kila ukoo una wake, analipa na tunakaa naye. Ila mtu anayehamishia alama yake kwenye shamba la jirani, huyo hata babu zetu hawakumwona. Mbuzi wawili.

Mjomba akainuka. Alisema maji kwanza. Kanipa rimoti. Mkono uliochukua ndio urudishe, kasema, na wewe usirushe usiku.

Sijui nitaandikaje. Ziba ya nne, nikaziba. Fungua ya tano nusu. Subiri. Subiri, mjomba. Sasa. Maji yakapita juu ya jiwe na watu wote wakausikia ule mlio, nikawaona wanausikia, vijana wa mpira midomo wazi. Yakaingia kwenye udongo. Chapati ikaungua barazani na Theresia hakwenda. Jioni ikaanza kushuka mle ndani, bluu, polepole, ile bluu ambayo wale dada lazima waliichanganya kwa wiki nzima. Taa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwangu giza. Ya tano. Ya sita.

Ya saba.

Mtu akasema imewaka. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Tabitha alijitanda kitenge chake vizuri, kama mtu aliyefika nyumbani.

Na maji yalipofika nyumba ya kumi na moja, milango ikafunguka. Yote. Sijawahi kuona hilo, wala maoni thelathini na moja hayakulitaja. Watu wadogo wakatoka wakasimama nje, kila mmoja mlangoni pake, wakasikiliza mfereji. Hata kwangu, bila taa, alitoka mmoja. Wale dada walikificha kitu hicho mahali ambapo hufiki kwa ujanja, unafika kwa kugawa sawasawa tu. Nilifuta macho. Moshi wa chapati.

Watu walipoondoka nilimfuata Mama Tabitha. Nikamkumbusha makubaliano. Kasema mabenchi yamejaa, mwanangu, sina neno, na gemu yako ni nzuri, sijaona nyingine kama ile. Lakini siwezi kukaa ua mmoja na mwizi wa maji.

Nikasema, mama, ni gemu.

Kauliza, sasa ulikuwa unalia nini?

Lesian anachukua chumba. Kaniomba nakala ya Mfereji. Kaomba kwa upole, nikashindwa kumnyima.


Jumapili, 10 Agosti

Mambo yamenyooka kupita nilivyotarajia. Naandika kwa haraka, furaha imenizidi.

Jana tulikula mbuzi wangu wawili kule juu, kwenye kichwa cha mfereji. Mwenye kosa anakula pamoja na waliomhukumu, kisha neno halirudiwi. Mzee Sadoki alinikatia ini mwenyewe. Walipokuwa wanakunywa supu walizungumzia Mfereji tu: vyura, ule mlio wa jiwe, yule mtu wa nyumba isiyo na taa. Mjomba kasema kamati ina stoo yake pale juu, iko tupu, na watu hukaa hapo nje nusu siku wakisubiri zamu ya maji bila la kufanya. Kama nataka niichukue. Nilikubali kabla hajamaliza.

Hadhira inayosubiri! Inayopenda maji! Isiyojua mpira! Hata mji mkuu hauna banda la gemu la namna hii.

Theresia alipokuwa ananisaidia kufunga mizigo kauliza kama nimeingia ndani ya hiyo stoo. Nikamwambia nimeiona kwa nje, mlango ni mpana. Akataka kuuliza jingine. Nikamwambia wenye maono hawakagui.

Nimeshaandaa gemu ya tatu, Tarishi, nzuri kuliko zote. Unabeba barua kijijini kwa miguu. Ukikimbia, watu hawakupi habari. Ukitembea, wanakusimamisha, na kila mmoja ana lake. Yuko mzee mmoja anayesimama kwenye geti kila asubuhi na hapati barua hata moja. Ukicheza wiki tatu unagundua kwamba unaweza kumwandikia mwenyewe. Gemu haikuambii. Inakuacha uwe mtu.

Nayo inaruhusu majina. Usiku wa jana nimeyajaza yote, kwa mapenzi. Mzee asiyepata barua nimempa jina la Sadoki. Mwanamke anayefungua barua za wenzake ni Mama Anande. Mjomba nimemwekea yule anayemficha ng'ombe wa jirani, ana koti kama lake. Watafurahi sana wakijiona.

Naendelea jioni. Kirikuu, kigari cha mizigo, imefika huku juu saa nane mchana na runinga zote mbili, iliyokufa na iliyo hai, mashine, mabenchi na bango. Mjomba kafungua kufuli. Chumba kizuri. Kipana, sakafu kavu, dirisha linatazama mfereji. Nimeonyesha kwa mkono mahali pa kila kitu, wazee wakitikisa vichwa kukubali. Runinga hapa. Mabenchi hapa. Mashine hapa, karibu na ukuta.

Stoo haina umeme.